"Kava imeandikwa 1959": dhana potofu kuhusu santuri za jazi na bei za mnadani

Mtu wa Mtwara au Lindi hafundishwi mnada. Anajua korosho za daraja la kwanza na la pili haziuzwi bei moja hata zikitoka mti mmoja. Anajua pia kuwa bei iliyotangazwa mnadani siyo inayoingia kwenye akaunti, maana kuna makato. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo akishika santuri anasahau yote.

"Kava imeandikwa 1959, basi ni toleo la kwanza."

Hii ndiyo inayochosha kuliko zote, na mara nyingi inaletwa pamoja na Kind of Blue, albamu ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis. Mwaka huo ni wa albamu. Sahani yenyewe inaweza kuwa imechapwa 1964, 1975 au mwaka jana, kwa kuwa albamu inayouzwa haiachwi kuchapwa, na kava hunakiliwa na mwaka wake ukiwa palepale. Tena albamu hii si adimu hata kidogo: Marekani peke yake imethibitishwa kufikisha nakala milioni 5. Anayetoa fedha nyingi anatafuta uchapaji wa kwanza; muziki wenyewe anao kwenye simu.

Toleo la kwanza la Marekani lina lebo (ile karatasi ya duara katikati ya sahani) ya kampuni ya Columbia yenye alama sita za macho, tatu kila upande. Namba ya toleo la mono (sauti ya njia moja) ni CL 1355, ya stirio (njia mbili) CS 8163. Nakala za mwanzo zina kosa linalowafurahisha wakusanyaji: upande wa pili, kipande cha Flamenco Sketches kimetajwa kabla ya All Blues. Sasa geuza yako. Ina lebo ya CBS? Uingereza jina la Columbia lilikuwa mali ya kampuni nyingine, EMI, kwa hiyo huko albamu hii ilitokea kwanza kwenye lebo ya Fontana, na CBS, jina la Columbia ya Marekani nje ya nchi yake, ikaanza kutumika 1962. Santuri ya CBS haiwezi kuwa ya 1959, hata mwenye nayo akiapa kwa jina la babu yake.

Kwa hiyo weka kava pembeni. Toa sahani, isogeze dirishani mwanga uipige kwa ubavu, kisha soma lebo na ule ukingo mtupu unaoizunguka, pale sindano inapoishia. Tuchukue Blue Note, kampuni ya Marekani ya santuri za jazi, kwa sababu ndiyo inayopandisha watu presha. Anwani kwenye lebo ilibadilika: 47 West 63rd mwishoni mwa miaka ya 1950, New York USA mwanzoni mwa miaka ya 1960, halafu yakaja maneno A Division of Liberty baada ya kampuni kuuzwa kwa Liberty. Anwani ya zamani peke yake haitoshi. Lazima iendane na mwaka albamu ilipotoka. Albamu iliyotoka 1963 ikiwa na New York USA iko sawa kabisa, ila ya 1957 yenye lebo hiyohiyo ni marudio.

Kwenye ukingo mtupu tafuta RVG au VAN GELDER, alama ya fundi wa sauti Rudy Van Gelder, na alama ndogo kama sikio, ambayo kwa kweli ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite kilichochapa sahani za Blue Note hadi 1966. Watu wengi wakiiona RVG wanaanza kushangilia. Subiri. Liberty walirudia kuchapa kwa kutumia vibao vilevile vya chuma vya kuchapia, hivyo RVG ikabaki na sikio likatoweka. Angalia pande zote mbili. Ukikuta herufi P ndani ya duara kando ya mwaka, hiyo ni desturi ya miaka ya 1970 na kuendelea. Msimbo pau kwenye kava? Funga mjadala.

"Mtandaoni nimeiona dola elfu mbili."

Umeona bei anayoomba muuzaji. Hata mimi naweza kuomba dola elfu mbili kwa sufuria. Chuja uone zilizouzwa. Na kwenye mnada wa mtandao wa eBay, bei hutengenezwa na mtu wa pili: mshindi hulipa kidogo tu juu ya alichofikia mshindani wake, kwa hiyo wasipokutana wawili wanaoitaka wiki ileile, bei inalala. Kisha kuna daraja. Kwa kipimo cha Goldmine, jarida la wakusanyaji la Marekani, sahani ya VG+ (nzuri sana na zaidi) inachukuliwa kuwa nusu ya bei ya Near Mint (karibu mpya), VG (nzuri sana) robo, na Good (nzuri) asilimia 10 hadi 15. Good huko maana yake imechoka. Makato ya mtandao na posta bado hujayagusa.

"Inacheza bila kuruka, basi ni nzima." Sindano nzito ya redio ya santuri husaga kuta za mfereji bila kuacha mkwaruzo wa kuonekana. Sikiliza tarumbeta ikipanda juu karibu na lebo. Ikikwaruza kama spika mbovu, imesagika, na hakuna dawa.

Hadithi kwamba santuri ya Blue Note iliachwa na Wazungu wa mpango wa karanga wa Nachingwea nazo tuziache. Mpango ule ulikufa 1951, na sahani za inchi 12 za Blue Note zilianza katikati ya miaka ya 1950. Uzito wa sahani nao haushuhudii kuwa ni ya kale: matoleo mapya ya gramu 180 yanachapwa mazito makusudi.

Mafuta ya nazi hayang'arishi santuri, yanakamata vumbi. Spirit inayeyusha santuri za kale za kasi ya 78. Kwa za vinili tumia maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri (siyo asidi!), lita moja na tone moja la sabuni ya vyombo. Futa kwa kitambaa laini kufuata mfereji, lebo ibaki kavu, suuza kwa maji hayohayo, kisha simamisha kivulini. Zihifadhi zikiwa wima, mbali na ukuta unaotoa unyevu. Ukizilaza chini ya bati la Novemba, zitapinda kama chapati.

Mwisho, "Jazz" kwenye lebo ya kwetu ni bendi ya dansi. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande haiko kundi moja na Miles, lakini ina wanunuzi wake. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, nyingi zilichapwa Nairobi, na zilizobaki bila kusagika ni chache. Ukiikuta ya kasi ya 45 chini ya lile rundo la CBS, ichukue hiyo kwanza.