Vita vya Ufilipino havikuisha 1902: sheria zilivyowageuza wapigania uhuru kuwa majambazi

Vitabu vingi huandika kwamba vita kati ya Marekani na Wafilipino vilidumu kuanzia 1899 hadi 1902. Mwaka wa kuanza hauna ubishi: usiku wa tarehe 4 Februari 1899 risasi zilianza kulia pembezoni mwa Manila. Mwaka wa kumalizika ndio wenye kasoro. Uliwekwa na tangazo la Rais Theodore Roosevelt la tarehe 4 Julai 1902, na tangazo lenyewe liliyaacha nje maeneo ya Wamoro, Waislamu wa kusini. Hata Luzon, kisiwa chenye mji mkuu, mapigano hayakukoma. Kilichobadilika ni sheria ya kumhukumu anayepigana.

Wafilipino walikuwa wamekwisha kujitangazia uhuru kutoka kwa Hispania tarehe 12 Juni 1898 huko Kawit, wakiongozwa na Emilio Aguinaldo. Miezi sita baadaye, Hispania na Marekani zilitia saini mjini Paris mkataba wa kumaliza vita kati yao, na Marekani ikachukua visiwa hivyo kwa dola milioni 20. Felipe Agoncillo, mjumbe wa Aguinaldo, alifika Paris lakini hakuruhusiwa kuingia kwenye mazungumzo.

Baada ya kushindwa katika mapigano ya uwanjani, jeshi la Aguinaldo liliingia vita vya msituni Novemba 1899. Nguvu ya vita hivyo ilikuwa vijijini: wanakijiji ndio waliotoa mchele, habari na mahali pa kujificha. Kwa hiyo majenerali wa Marekani wakaamua kuwatenganisha wapiganaji na wanakijiji. Mfano ulio wazi kabisa ni Batangas, mkoa wa kusini mwa Luzon, alikopigana Jenerali Miguel Malvar baada ya Aguinaldo kukamatwa Machi 1901.

Tarehe 8 Desemba 1901 Jenerali J. Franklin Bell aliagiza kila mji uwekewe mpaka unaoonekana, na watu wote wahamie ndani yake kabla ya tarehe 25 mwezi huohuo, wakiwa na chakula na mifugo yao. Baada ya tarehe 28, mali yoyote iliyokutwa nje ingeweza kutaifishwa au kuteketezwa. Mwanamume aliyekutwa nje bila kibali alikamatwa, na akikimbia alipigwa risasi. Vikosi vilipita vikichoma nyumba na maghala. Marekani hiyohiyo ilikuwa imeilaani Hispania kwa kuwafungia raia wa Cuba namna hii.

Waliokufa katika maeneo hayo yaliyozungushiwa mipaka, yaani kambi za raia, walikuwa maelfu, na wengi hawakufa kwa risasi. Sotoka, ugonjwa wa mifugo, ilikuwa imekwisha kuua nyati wa kulimia, hivyo mashamba ya mpunga yalikuwa yamedhoofika hata kabla ya amri. Kisha watu wakazuiwa kwenda kuyahudumia. Miili iliyodhoofika kwa njaa, ikisongamana mahali pamoja, ilishambuliwa na malaria, surua na kuhara, na kipindupindu kilipoingia nchini Machi 1902 kilikuta watu wasio na nguvu ya kustahimili. Malvar alijisalimisha Aprili 1902.

Wakati huohuo Tume ya Ufilipino, chombo kilichowekwa na Marekani kutunga sheria Manila, ilikuwa inafunga mlango mwingine. Sheria Namba 292 ya Novemba 1901 ilikataza kutetea uhuru, hata kwa njia ya amani, hadi vita vitangazwe kuwa vimekwisha. Baada ya tangazo la Roosevelt ikaja Sheria Namba 518, ya Novemba 1902, dhidi ya ujambazi. Isomwe kwa makini, maana ndiyo kiini cha jambo lote. Watu watatu au zaidi wenye silaha, wakizunguka kwa nia ya kupora nyati au mali nyingine, walikuwa genge. Adhabu ilikuwa kifo au kifungo kisichopungua miaka 20. Upande wa mashtaka haukulazimika kuthibitisha kwamba mshtakiwa mwenyewe amepora chochote. Kuwa mwanachama wa genge kulitosha. Kikosi cha msituni kinachochukua chakula vijijini kiliingia humo kwa urahisi mno. Mwaka 1903 Sheria Namba 781 iliwapa magavana wa mikoa uwezo wa kuwahamishia wanakijiji mijini, yaani ile njia ya Bell sasa ikawa mikononi mwa serikali ya kiraia.

Macario Sakay aliangukia katika mtego huo wa sheria. Alikuwa mwanachama wa Katipunan, chama cha siri kilichoanzisha mapinduzi ya 1896, na baada ya 1902 aliongoza Jamhuri ya Watagalogi, yenye katiba yake na maofisa wake. Mapema 1905 serikali ilisimamisha huko Cavite na Batangas haki ya mfungwa kufikishwa mbele ya jaji, ikarudisha tena kambi za raia. Mwaka 1906 Sakay alishuka kutoka milimani kwa ahadi ya msamaha, akiamini kwamba bunge la Wafilipino lilikuwa njiani. Julai mwaka huo alialikwa kwenye karamu huko Cavite, akakamatwa humo, kisha akashtakiwa kwa ujambazi.

Uchaguzi wa bunge ulifanyika tarehe 30 Julai 1907, kwa wanaume wachache waliotimiza masharti ya mali, cheo au elimu, na wagombea waliodai uhuru wakapata wingi wa viti. Tarehe 23 Agosti ilipitishwa sheria ya kupiga marufuku bendera ya Ufilipino, iliyodumu hadi 1919. Tarehe 13 Septemba Sakay alinyongwa Manila pamoja na Lucio de Vega. Bunge lilifunguliwa tarehe 16 Oktoba.