Hukumu ya 1954 haikufungua milango ya shule

Kila muhula ninapofundisha historia ya Marekani, hukutana na sentensi ileile katika insha: kwamba mwaka 1954 Mahakama ya Juu ilipiga marufuku ubaguzi wa rangi shuleni, na tangu hapo watoto weusi na weupe wakasoma pamoja. Sehemu ya kwanza ni kweli, kwani tarehe 17 Mei majaji wote tisa waliamua, katika kesi ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, kuwa kuwatenga wanafunzi wa shule za umma kwa rangi kunavunja Katiba. Sehemu ya pili ni uongo, nao unanikera kwa sababu unafuta jasho la watu.

Hukumu hiyo haikuweka tarehe ya utekelezaji. Ile ya pili, ya Mei 1955, iliagiza utengano uondolewe kwa “haraka yenye kupimwa”, maneno ambayo watawala wa majimbo ya Kusini waliyafanya kibali cha kuchelewesha. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu wasiitaje ya kwanza kabla ya kuisoma ya pili. Katika wilaya ya Prince Edward, Virginia, Barbara Johns mwenye umri wa miaka 16 aliongoza mgomo mwaka 1951 kupinga shule ya weusi iliyofurika, na kesi iliyozaliwa na mgomo huo ikaunganishwa na ya Brown. Walishinda. Hata hivyo, mwaka 1959 viongozi wa wilaya walifunga shule zote za umma, weupe wakafunguliwa za binafsi, na watoto weusi wengi wakakosa masomo hadi 1964. Mwaka huo, miaka kumi baada ya hukumu, ni takriban asilimia 2 tu ya watoto weusi wa Kusini waliosoma na weupe. Mambo yalianza kwenda kasi pale Sheria ya Haki za Raia ya 1964 ilipoiwezesha serikali kuu kuzinyima fedha shule zenye ubaguzi.

Wengine hudai kwamba Kaskazini hakukuwa na tatizo. Lakini tarehe 3 Februari 1964, wanafunzi zaidi ya 400,000 wa New York, jiji la Kaskazini, walisusia masomo kupinga utengano.

Wapo pia wanaoamini kwamba wazazi weusi walikimbia walimu duni. Sivyo: walipinga utengano wenyewe na uhaba wa fedha, ilhali walimu wao wengi walikuwa na elimu nzuri. Shule zilipounganishwa, maelfu ya walimu hao walipoteza kazi.