Kipozaji cha kamera ya infraredi si feni

Hapa Goma habari za kamera za joto, yaani za infraredi, hazikosekani. Volkano ya Nyiragongo iko pale juu, na tangu MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa hapa Kongo, ilipoanza kurusha ndege zisizo na rubani kutoka hapa Desemba 2013, kila anayeshika drone ana maelezo yake. Yapo maelezo ambayo nimeyasikia mara nyingi mno: eti kamera za bei kali huwekewa kipozaji cha kriojeniki ili zisiungue zikielekezwa kwenye moto, au ili zisichemke kama kompyuta iliyofanya kazi mchana kutwa. Sivyo.

Kipozaji cha kriojeniki ni mtambo mdogo unaoshusha joto la kitambuzi cha infraredi, yaani kile kipande kinachopokea picha, mara nyingi hadi karibu kelvini 77. Hizo ni nyuzi 196 chini ya sifuri.

Baridi yote hiyo ya nini? Kila chenye joto hutoa infraredi, mionzi isiyoonekana kwa macho: mtu, ukuta wa mbao, jiwe la lava la mwaka 2002 lililokwisha kupoa, na kamera yenyewe. Mwili wa binadamu hutoa mionzi hiyo kwa wingi zaidi kwenye mawimbi ya mikroni 9 hadi 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na chombo kilichokaa tu mezani hutoa karibu palepale. Kitambuzi cha zebaki, kadimiamu na teluriamu kimetengenezwa ili elektroni zake zichomoke kwa kuguswa kidogo tu na mionzi hafifu. Lakini elektroni zinazochomoka kirahisi hivyo huchomolewa pia na joto la kitambuzi chenyewe, hata lenzi ikiwa imefunikwa. Ni sawa na kumsikiliza mtu anayenong'ona ukiwa kando ya jenereta: kupoza ni kuizima jenereta.

Ndiyo maana feni haina nafasi hapa. Feni hupuliza hewa, na kitu kinachopulizwa hewa kavu hakiwezi kuwa baridi kuliko hewa hiyo. Hata friza ya kuuzia samaki, yenye nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa kitambuzi hiki bado ni joto tupu.

Kazi hiyo hufanywa zaidi na mashine ya Stirling. Robert Stirling, mchungaji wa kanisa huko Uskoti, aliandikisha injini yake mwaka 1816, injini inayogeuza joto kuwa mwendo. Ukiizungusha kwa mota, hufanya kinyume: huhamisha joto. Pistoni hubana heliamu, joto la kubanwa hutokea kwenye gamba la nje, kisha gesi hutanuka kwenye ncha ya kijibomba chembamba na kunyonya joto la kitambuzi kilichobandikwa hapo. Vyote viwili, ncha na kitambuzi, hukaa ndani ya utupu, kwa kanuni ileile ya termosi ya chai, ambayo asili yake ni chupa ya James Dewar ya mwaka 1892. Mtambo mzima unaenea kiganjani. Nao hutoa joto kwa nje, kwa hiyo ukiugusa ukiwa kazini utahisi uvuguvugu. Nadhani ndiko lilikoanzia wazo la kwamba unapigana na kuchemka.

Kosa la pili ni kudhani kila kamera ya joto ina mtambo huu. Nyingi za mkononi hazina. Hutumia mikrobolometa, kitambuzi ambacho chenyewe hupata moto kidogo kikipigwa na mionzi na kubadilisha ukinzani wake wa umeme, hivyo hakihitaji baridi ya namna hiyo. Na lava yenye nyuzi zaidi ya 900 hutoa mionzi mingi mno. Kamera isiyopozwa huiona bila taabu. Baridi kali huhitajika pale tofauti ya joto inapokuwa ndogo sana au kitu kinapokuwa mbali, kama mtu anayetembea usiku kilomita kadhaa kutoka kwenye kamera.

Kwa hiyo ukitaka kujua kamera uliyoshika ni ya aina gani, uliza kitambuzi chake hufanya kazi kwenye joto gani. Asipokuwepo wa kumuuliza, iwashe. Yenye mtambo wa Stirling huvuma kidogo na kukungojesha dakika kadhaa kabla ya kutoa picha safi, kwa sababu kitambuzi bado kinateremka kwenye baridi yake.