Dripu si chakula

Akilazwa mtu mahututi, barazani hapa Lamu hakosekani wa kusema: "Mwacheni tumbo lipumzike, dripu inamlisha." Nia njema, lakini hesabu inakataa. Lita moja ya maji ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, kalori zisizofika 200. Mgonjwa wa kilo 60 huhitaji kama 1,500 kwa siku. Protini humo hamna hata chembe.

Linalonivutia zaidi ni la utumbo wenyewe. Kwenye kuta zake chembe za kinga hujifunza kumtambua adui, kisha baadhi husafiri kwa damu hadi njia ya hewa na kutoa kingamwili iitwayo IgA, inayozuia vijidudu visishike. Panya waliolishwa kwa mshipa tu, IgA yao ya njia ya hewa ilipungua. Kwa binadamu mambo hayajanyooka hivyo: majaribio makubwa ya Uingereza (2014) na Ufaransa (2018) hayakuona tofauti ya maambukizi kati ya lishe kamili ya mshipani na ya tumboni. Lishe kamili, lakini, yaani yenye protini na mafuta pia. Si dripu ya kawaida.

Madaktari hupendelea tumbo, kwa mpira unaopitishwa puani, ndani ya saa 24 hadi 48 tangu alazwe, presha ikishatulia. Na wewe shangazi uliyeficha chupa ya uji chini ya buibui, tafadhali: asiyejitambua ukimnywesha, uji huishia mapafuni.