Lambo limevaa kijani: fangasi watasaidia?

Maji ya lambo letu huku Nachingwea yana utando wa kijani, kama rangi ya mafuta ya kupaka. Ni mwani tu?
Huenda ni sianobakteria, yaani bakteria wanaofanana na mwani, na baadhi yao hutoa maikrosistini, sumu ya ini. Vaa glavu, jaza chupa angavu robo tatu, iache ilale bila kutikiswa. Kijani kikielea juu, shuku sianobakteria. Kikizama, yaelekea ni mwani wa kawaida. Sumu yenyewe hupimwa maabara, kwa hiyo toeni taarifa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Kikomo cha WHO cha maikrosistini kwa maji ya kunywa kila siku ni mikrogramu 1 kwa lita.

Nikiyachemsha?
Hapana. Moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo, tena hupasua seli zikaiachia majini.

Mrututu je?
Usithubutu. Mwaka 1979, bwawa la Palm Island, Australia, lilitiwa mrututu. Seli zilikufa kwa mpigo, sumu ikatoka, na watu 148 wakaugua, wengi wao watoto.

Nasikia kuna fangasi wanaokula sianobakteria.
Kweli, maabarani. Trichaptum abietinum, fangasi anayeozesha magogo, huzingira seli kwa nyuzi zake na kuzimeng'enya ndani ya siku chache. Vimeng'enya vya kundi hilo vimeumbwa kuvunja lignini, kitu kigumu cha mti, ndiyo maana vinaweza kushambulia hata sumu ngumu. Uyoga wa mamama nao ni wa kundi hilo.

Basi nimwage lamboni mabua niliyooteshea mamama?
Usimwage. Vimeng'enya hivyo hupenda maji yenye uchachu, pH (kipimo cha uchachu; namba ndogo ni uchachu zaidi) 4 hadi 5 hivi. Lambo lililovaa kijani mchana hupanda hadi 9 au zaidi. Fangasi hao pia wanataka hewa tele, na mabua yakizama yanaoza, yanakula oksijeni, samaki wanakufa. Halafu mabua yana naitrojeni na fosforasi: unawalisha walewale unaotaka kuwaua. Na hata wakifa, kuua seli si kuondoa sumu. Hizo ni kazi mbili. Watafiti hufanya hivi katika vyombo vinavyodhibitiwa pH na hewa. Kwa lambo la kijiji bado ni mapema mno.

Kwa sasa tufanyeje?
Maji ya kunywa na kupikia yatoke kisimani au bombani. Mifugo isinywe humo, watoto wasioge. Msipikie maji hayo hata yakichujwa kwa kitambaa. Samaki watolewe matumbo na ini, waoshwe kwa maji safi. Samadi na mbolea ziwekwe mbali na mkondo unaoingia lamboni, hasa kabla ya masika.