Pampu ya insulini haijui kuwa una mimba

Tunaelekea Siku ya Kisukari Duniani, 14 Novemba, na maswali ya kliniki yamebadilika. Zamani akina mama wenye kisukari aina ya kwanza waliuliza kama wanaruhusiwa kuzaa. Siku hizi wapo wachache wanaokuja na pampu kiunoni, kimashine kinachoingiza insulini mwilini kidogo kidogo kupitia mrija, waliyoipata masomoni nje au kutumiwa na ndugu, na wanauliza kama bado kuna haja ya kuhudhuria mara kwa mara. Ipo.

Pampu ya kawaida hutoa kiasi ulichoipangia, basi. Mimba haikai pahali pamoja. Kati ya wiki ya 9 na ya 16 mahitaji ya insulini mara nyingi hupungua, na sukari huanguka usiku wa manane. Baadaye hupanda, na kufikia miezi mitatu ya mwisho huweza kuwa maradufu. Mpangilio wa mwezi wa tatu ukiuacha mpaka wa saba, lawama usiitupie mashine. Lengo ni sukari isiyozidi 5.3 mmol/L kabla ya kifungua kinywa na 7.8 saa moja baada ya chakula. "Kumi ndiyo kawaida yangu" si jibu.

HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, nayo ishuke chini ya asilimia 6.5 kabla hujashika mimba, na foliki asidi ya miligramu 5 uianze mapema kwa cheti cha daktari. Viungo vya mtoto huumbika ndani ya wiki nane za mwanzo, wakati ambao wengi hawajafungua hata kadi.

Halafu kuna hili la kuacha insulini "ili mtoto asilishwe dawa". Nimelijibu mara nyingi mno. Kinachovuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto ni sukari; insulini unayojichoma haivuki kwa kiasi cha kumdhuru. Sukari ya mama ikizidi, kongosho la mtoto hufanya kazi ya ziada, mtoto hunenepa kupita kiasi, na akishazaliwa sukari yake huporomoka.

Mwenye pampu ana hatari moja ya peke yake. Ndani ya pampu mna insulini ya haraka tu, hivyo mrija ukiziba au kanula (kijibomba kinachoingia chini ya ngozi) ikichomoka, ketoni, asidi ambayo mwili hutengeneza ukikosa insulini, hupanda ndani ya saa chache. Sukari ikigoma kushuka baada ya kusahihisha mara moja kwa dozi ya ziada ya pampu, usiendelee kubonyeza. Jichome kwa sindano, badilisha mrija na kanula, pima ketoni. Ukiwa unatapika, njoo hospitali hata kama sukari si ya kutisha, kwa sababu mjamzito hupata sumu ya ketoni kwenye sukari ya chini kuliko wengine. Kwa hiyo sindano na chupa ya akiba viwemo mkobani siku zote.

Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Asiye na jokofu atumie vyungu viwili vyenye mchanga mbichi katikati, chupa ikiwa ndani ya mfuko mkavu. Kasha la barafu la samaki aina ya migebuka halifai kabisa: insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka. Na insulini ya kuuzwa mkononi, inayovushwa Ziwa Tanganyika bila kibali, TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) huikamata na muuzaji hushtakiwa chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219. Hatujui ilipigwa jua siku ngapi.

Kila hudhurio lete kadi ya kliniki, barua ya rufaa, daftari la vipimo, na karatasi yenye mpangilio wa pampu: kiwango cha msingi kwa kila saa, uwiano wa wanga (insulini kwa kiasi cha wanga unaokula) na kiasi cha kusahihisha sukari iliyopanda. Andika nakala mbili, moja ibanwe kwenye kadi. Pampu ikibidi kuvuliwa chumba cha upasuaji, karatasi hiyo ndiyo tutakayoisoma.

Kujifungua hupangwa kwa kawaida kati ya wiki ya 37 na ya 39, hospitalini. Wa vijiji vya mbali vya ziwani, kama Kagunga na Kalya, wasingoje uchungu ndipo watafute boti. Wawe Kigoma mjini mapema.

Kondo likishatoka, mahitaji huanguka palepale, pengine chini ya yale ya kabla ya mimba, na kunyonyesha huyashusha zaidi. Mwambie muuguzi apunguze kiwango saa ileile. Atakayelala nawe wodini, awe mama mkwe au dada, awe na sukari ya mezani: vijiko vitatu vya chai kwenye maji, kisha apime tena baada ya dakika 15. Ukiwa umezimia asikutie kitu mdomoni, aite muuguzi.