Mwili Kwenye Kioo: Dhana Potofu kuhusu Teknolojia ya Kufundishia Anatomia na Fiziolojia

Mwanafunzi wa uuguzi au utabibu mjini Dodoma anaweza leo kuugeuzageuza moyo kwenye kioo cha simu yake kabla hajawahi kuushika kwa mkono. Hilo ni jambo jema, lakini limezaa dhana ambazo zisiporekebishwa darasani zitamfuata mpaka wodini.

Wapo wanaoamini kwamba miili ya kidijitali ni michoro ya kubuni tu. Ukweli ni kwamba baadhi yake imetokana na miili halisi: mwaka 1994 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilitoa picha za mwili wa mwanamume uliogandishwa, ukakwanguliwa tabaka kwa tabaka, milimita 1 kila mara, na kila uso mpya ukapigwa picha. Mwili wa mwanamke ulifuata mwaka 1995, kwa tabaka nyembamba zaidi.

Dhana iliyo kinyume chake ndiyo yenye madhara makubwa, nayo ni kwamba kwa kuwa picha hizo ni halisi, maiti za kujifunzia hazihitajiki tena. Mwili uliomo kwenye programu ni wa mtu mmoja, au ni wa wastani, ilhali wagonjwa hawafanani. Figo moja huchorwa vitabuni ikiwa na ateri moja, yaani mshipa unaoipelekea damu, lakini watu wengi wana ateri ya ziada, na mpasuaji asiyelijua hilo anaweza kuikata bila kukusudia. Tofauti nyingine mwanafunzi anaweza kuiona darasani papo hapo: agusanishe kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha akunje kidogo kifundo cha mkono, na kwa walio wengi ukano mwembamba, yaani kamba inayounganisha msuli na sehemu nyingine ya mwili, utajitokeza katikati, karibu na kiganja, ilhali wenzake wachache hawana kabisa ukano huo na mikono yao inafanya kazi vizuri. Zaidi ya hayo, kioo hakimfundishi mtu ugumu wa ateri wala ulaini wa ini. Kwa maoni yangu, programu itangulie maabara na irudiwe baada yake, lakini isichukue nafasi yake.

Wengine hudhani teknolojia ni lazima iwe meza ya kidijitali, yenye kioo kikubwa cha kuonesha mwili, ya mamilioni ya shilingi. Kwa upande wa fiziolojia, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi, kipima oksijeni kidogo cha kidoleni kinafundisha mengi. Kinapitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana, na kwa kuwa himoglobini, kibeba oksijeni kilichomo kwenye damu, ikiwa na oksijeni hufyonza mianga hiyo tofauti na ikiwa haina, kifaa hukadiria kiasi cha oksijeni kilichobebwa. Mwanafunzi mwenye afya njema akibana pumzi kwa sekunde chache ataona namba ikibaki karibu palepale, na hapo mwalimu anapata nafasi ya kueleza akiba ya oksijeni iliyomo mapafuni na jinsi himoglobini inavyoishikilia.

Kuhusu ultrasaundi, hofu ya mionzi haina msingi, kwa sababu kifaa hicho hutumia mawimbi ya sauti, na ndicho kinachomwonesha mwanafunzi vali za moyo zikifunguka na kufunga ndani ya mtu aliye hai.

Imebaki dhana ya kwamba kutazama ni kuelewa. Programu nyingi huruhusu majina ya viungo yafichwe, na inafaa yafichwe mapema. Mwanafunzi azime kioo, achore njia ya damu kutoka vena kuu, inayorudisha damu moyoni, hadi aota, inayoitoa moyoni, kwa kumbukumbu yake mwenyewe, kisha awashe tena na kusahihisha alipokosea.